Nani wa kusema karibu Wadjemup

Nililala ndani ya gereza bila kujua kwamba ni gereza. Ilikuwa Januari 2016, mwaka wangu wa kwanza hapa Australia Magharibi, na shemeji yangu alinilipia usiku mmoja kisiwani Wadjemup kama zawadi. Chumba kilikuwa safi, shuka nyeupe, feni inazunguka. Nakumbuka kuta. Zilikuwa nene kupita kawaida; niliweka kiganja ukutani nikaona ubaridi, na nje jua linachoma. Uani wageni wenzangu walikuwa wamekaa wakinywa bia. Asubuhi nikapiga picha na quokka, yule mnyama mdogo mwenye mfuko kama kangaruu ambaye uso wake unaonekana kama unatabasamu, nikaituma kwenye kundi la familia, nikapanda boti kurudi mji wa bandari wa Fremantle.

Miaka mitatu baadaye nikaajiriwa na kampuni ndogo ya utalii, moja ya zile zinazopeleka wageni kisiwani kwa siku moja: boti asubuhi, baiskeli, kuogelea, chakula cha mchana, boti jioni. Siku ya pili ya mafunzo nikapewa karatasi nne za maelezo ya kukariri. Katikati ya ukurasa wa tatu, baina ya mnara wa taa na duka la mikate, kulikuwa na sentensi moja: jengo hili liliwahi kutumika kama gereza la wenyeji. Basi. Pembeni paliwekwa picha, na kwenye picha nikautambua ule ua.

Kwa wasiojua: kisiwa kiko baharini kama kilomita 19 kutoka Fremantle. Ramani nyingi hukiita Rottnest, jina alilokipa nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh mwaka 1696 alipowaona quokka akadhani ni panya wakubwa. Maana yake kiota cha panya. Jina la wenye nchi, Wanoongar wa Whadjuk, ni Wadjemup, mahali ng'ambo ya maji zilipo roho. Kuanzia 1838 serikali ya kikoloni ilikifanya gereza la Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Walipelekwa huko wanaume na vijana wapatao 4,000, kutoka pembe zote za jimbo, hadi Kimberley kaskazini ya mbali, wengine wakitembezwa na minyororo shingoni. Wengi kosa lao lilikuwa kuchoma mkuki kondoo au ng'ombe wa walowezi kwenye ardhi yao wenyewe. Walichimba chumvi, walivunja mawe ya chokaa, wakajenga kuta, nyumba, mnara wa taa, na jengo lile la seli linaloitwa Quod, lililokamilika 1864. Gereza lilifungwa rasmi 1904 lakini wafungwa waliendelea kufanyishwa kazi kisiwani hadi 1931. Waliofia huko wanaojulikana ni zaidi ya 370. Wamezikwa hatua chache tu kutoka Quod, na hayo ndiyo makaburi makubwa kuliko yote yanayojulikana Australia ya watu waliofia kizuizini.

Juu ya makaburi hayo watu walipiga mahema ya likizo kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 rada za kuchungulia chini ya udongo zilionyesha makaburi yalipo. Kambi ya mahema ilifungwa 2007. Quod yenyewe iliendelea kuwa hoteli hadi Mei 2018. Ndiyo maana mwaka 2016 mimi niliweza kulala humo kwa raha zangu.

Nimeanza na haya kwa sababu nataka kuandika kuhusu kampuni yetu na kile tunachokiita maridhiano, baina ya wenyeji wa asili na Waaustralia wengine, na bila kisiwa chenyewe maneno hayo hayashiki mahali.

Mwaka 2022 mwenye kampuni alitukusanya, watu kumi na wawili, akasema tunaandika mpango wa maridhiano. Hapa Australia jambo hili lina utaratibu wake. Kuna taasisi iitwayo Reconciliation Australia, iliyoanzishwa 2001, na tangu 2006 inasimamia mipango hii kwa makampuni, shule, mabenki, hata timu za mpira. Kuna ngazi nne. Ya kwanza inaitwa Reflect, yaani kujitazama. Unaandika utafanya nini, lini, na nani atawajibika, unapeleka, wanakurudishia na masahihisho, unapeleka tena, hadi waidhinishe. Niliomba niwe kwenye kamati. Mwenye kampuni akaniuliza kwa nini mimi, mgeni wa juzi. Nikamwambia kuhusu ule usiku wa Quod. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika jina langu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya aibu, na nasema hivyo kwa sababu nami niliiandika. Ilijaa maneno ya kuheshimu na kuthamini. Tuliweka mapambo ya nukta na duara tuliyonunua mtandaoni kwa dola chache, ya mchoraji tusiyemjua, kwa mtindo wa watu wa jangwani ambao si wa pwani hii kabisa. Tulikuwa pia tumechapisha neno *kaya*, salamu ya Kinoongar, kwenye fulana za waongozaji. Hatukumwuliza mtu. Ilikuwa imekaa vizuri kifuani na wageni waliipenda.

Ndipo tukamwendea mama mmoja mzee wa Whadjuk. Sitamtaja jina. Huku wazee wa jamii huitwa Auntie na Uncle, na kwangu neno hilo halikunipa shida hata kidogo. Nikimwita shangazi moyoni, naona nimemwita sawasawa. Tulimkaribisha ofisini kwa chai. Mwenye kampuni akamweleza kwamba tungependa aje gatini siku ya kuzindua mpango awakaribishe wageni, kisha atupe maoni yake kuhusu rasimu. Shangazi aliisoma rasimu yote, ukurasa kwa ukurasa, sisi tumekaa kimya. Alipomaliza akauliza maswali mawili. La kwanza: fulana zimechapwa na nani? La pili: saa zangu hizi analipa nani?

Hakuna aliyekuwa amefikiria kumlipa. Tungemlipa mhasibu, tungemlipa mpiga picha, tungemlipa hata mtu wa kupuliza maputo. Yeye tulimwandalia biskuti.

Alilipwa. Alituma ankara wiki ileile na ikalipwa wiki ileile, na kuanzia siku hiyo kila kikao na wazee kina fungu lake kwenye bajeti, limeandikwa, halikatwi hata msimu ukiwa mbaya. Fulana zilivuliwa. Ziliporudi, mwaka mmoja baadaye, neno lilikuwa lilelile, lakini maandishi na mchoro vilikuwa vya msanii wa Kinoongar mwenye mkataba, anayepata sehemu yake kwa kila fulana inayouzwa. Watu huniuliza tofauti iko wapi kama neno ni lile. Nawaambia muulizeni anayelipwa.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa zaidi kuliko yote, na naona sisi tunaotumia Kiswahili tunalielewa kabla halijamaliza kuelezwa. Kwenye shughuli za Australia kuna mambo mawili yanayofanyika mwanzoni, na wageni huyachanganya. Moja ni kutambua wenye nchi: mtu yeyote anaweza kusimama akasema tuko kwenye ardhi ya Whadjuk, tunawaheshimu wazee wao. Jingine ni kukaribisha kwenye nchi, na hilo hufanywa na mwenye nchi peke yake, au aliyeruhusiwa naye. Nilijaribu kumweleza shangazi kwamba kwetu kuna hodi na kuna karibu. Anayebisha mlangoni husema hodi. Anayesema karibu ni yule wa ndani. Ukiwa nje ukajiambia mwenyewe karibu, ukaingia, hapo kuna neno jingine la kukuita.

Alinisikiliza, akarudia neno lile mara mbili, hodi, hodi, akilipima mdomoni. Kisha akasema: basi kampuni yenu imekuwa ikisema karibu kwa miaka ishirini.

Ni kweli. Kila asubuhi gatini mimi mwenyewe nilikuwa nikinyoosha mikono na kusema karibuni Rottnest, kisiwa cha furaha. Nilikuwa nimelipwa niseme hivyo. Sikuwa mwenyeji wa kisiwa, mwenye kampuni si mwenyeji, na waliokuwa na haki ya kufungua au kufunga mlango hawakuwa wameulizwa.

Wiki chache baadaye shangazi alitupeleka ufukweni, sisi kamati, kabla ya boti ya kwanza. Fremantle yenyewe kwa Kinoongar ni Walyalup. Aliinama akachota mchanga mkavu, akausugua baina ya viganja mpaka ukashika jasho lake, akautupa majini kidogo kidogo huku akisema kwa lugha yake yeye ni nani, ni wa nani na anakwenda wapi. Maji yajue harufu yako, alisema. Kisha akatuambia nasi tuchote. Mchanga uling'ang'ania kwenye mikunjo ya vidole vyangu. Nilikuwa nimepaka mafuta. Nilisema jina langu, la mama yangu na la bibi yangu, kwa Kiswahili, kwa sababu alisema lugha ninayoiota usiku ndiyo inayofaa. Sauti ilinikatika kwenye jina la bibi.

Mwenye kampuni aliguswa sana, na palepale akapata wazo: tufanye hivi na wageni kila asubuhi! Shangazi akatikisa kichwa. Fanyeni ninyi, kwa ajili yenu. Msiligeuze onyesho. Nami naona hapo ndipo kampuni ya utalii inapopimwa kweli, maana kazi yetu ya kila siku ni kugeuza mambo kuwa maonyesho. Unapoona kitu kizuri, kidole tayari kiko kwenye bei. Kuona kitu kizuri, kukipenda, kisha kukiacha kisiingie kwenye kipeperushi ni zoezi gumu, na tunalifanya kila msimu. Waongozaji sasa hufika dakika kumi mapema. Kila mmoja huchota mchanga wake. Wageni wakituona wakauliza, tunawajibu, hatuwaiti kutazama.

Mpango wetu uliidhinishwa mapema 2023. Cheti kimetundikwa karibu na mashine ya kahawa. Nimejifunza kukitazama kwa tahadhari, na sababu iko hukuhuku jimboni. Tarehe 24 Mei 2020, siku tatu kabla ya Wiki ya Maridhiano kuanza, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan kule Pilbara ili kufikia chuma. Mapango hayo ni ya Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, na yalikuwa na ushahidi wa watu kuyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita. Kampuni hiyo ilikuwa na mpango wa maridhiano, tena wa ngazi ya juu kabisa, Elevate. Sheria ya jimbo ya wakati ule iliruhusu mlipuko. Reconciliation Australia iliondoa idhini yake baada ya hapo, lakini pango halirudi. Nilipeleka habari hiyo kwenye kamati, nikaomba iwekwe kwenye mafunzo ya kila mwajiriwa mpya. Wenzangu wawili waliona ninakatisha watu tamaa. Imewekwa hata hivyo.

Safari yenyewe imebadilika. Tiketi zinaandika Wadjemup kwanza. Zamani tulifika Quod baada ya chakula, watu wameshiba, tunapita tukipiga picha. Sasa tunafika asubuhi, kabla ya kuogelea. Baiskeli tunaziegesha mbali. Tunatembea hadi pembeni ya makaburi, hatukanyagi ndani. Simu zinakaa mifukoni. Ninasema idadi, ninasema miaka, ninasema walikotoka. Ninasema kwamba mnara wa taa waliokuwa wakiupiga picha toka kwenye boti umesimama pale ulipojengwa mnara wa kwanza, na ule wa kwanza waliujenga wafungwa. Halafu ninanyamaza dakika mbili. Dakika mbili ni ndefu mno kwa mtu aliye likizo. Unasikia kunguru, unasikia minyororo ya baiskeli za wengine barabarani, na siku moja mtoto wa miaka saba hivi aliuliza kwa sauti, "Mama, mama zao walijua wako hapa?" Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikuwa na jibu.

Tumepoteza wateja. Sitaki kuficha hilo, kwa sababu nikisoma ripoti za makampuni naona kama kila mtu alishangilia. Mgeni mmoja aliandika kwamba alilipa aone quokka, si kuhudhuria msiba. Niliombwa nimjibu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kali, nikaifuta. Nikamwandikia kwamba quokka wapo, ni zaidi ya 10,000, na alipiga nao picha saa nne nzima. Lakini barabara aliyoendeshea baiskeli, ukuta aliouegemea na nyumba alizozisifu uzuri zilijengwa na watu waliokufa bila kuagana na jamaa zao, na sisi hatuwezi kumuuzia siku nzima mahali hapo tukiwaruka. Hakujibu. Wengine wamejibu kwa namna yao: familia moja ilirudi mwaka uliofuata ikamleta babu.

Kisha ikaja Oktoba 2023. Tarehe 14 nchi ilipiga kura ya maoni kama Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wapewe chombo cha kutoa sauti yao bungeni, kiandikwe kwenye katiba. Ilikuwa kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia. Takriban asilimia 60 walisema hapana, na hakuna jimbo hata moja kati ya sita lililosema ndiyo. Jumatatu yake ofisini kulikuwa na hali ya kutembea kwa ncha za vidole. Mmoja wetu akasema kwa upole kabisa kwamba pengine tulegeze kidogo, tuondoe lile tamko la kutambua wenye nchi tunalolisema kwenye boti, hali ya hewa imebadilika. Sikumchukia, alikuwa akifikiria mishahara yetu. Lakini nilihisi joto likinipanda usoni. Tulikuwa tumepeleka wanagenzi wawili vijana wa Kinoongar kwenye mafunzo ya unahodha, na mmoja wao alikuwa amesimama palepale, anafunga kamba za jaketi za kujiokolea, anasikia kila neno.

Mwenye kampuni alimtazama yule kijana, akamtazama aliyesema, akasema tamko linabaki. Hakuhutubia. Akaenda kujaza mafuta. Nimefanya naye kazi miaka mingi na kuna mambo tunayogombana, lakini asubuhi ile nitamkumbukia kwa wema.

Kijana yule leo ana leseni. Anaongoza safari mbili kwa wiki na maelezo yake ni yake; hatumpi karatasi za kukariri, na pale anaposema "babu zangu" mimi huwezi kunikuta niko jirani nikirekebisha tarehe. Mwingine aliacha baada ya miezi minne. Alisema kusimama pale kila siku mbele ya wageni na makaburi ya watu wake kulimchosha roho. Mpango wetu haukuwa umefikiria hilo hata kwa mstari mmoja. Tuliandika idadi ya nafasi za kazi. Hatukuandika nani atambebea mtu uzito huo. Tumeongeza baadaye kwamba mwongozaji wa Kinoongar anaweza kuomba asipangiwe kituo cha makaburi, bila kueleza sababu, na malipo hayapungui. Tuliongeza akiwa ameshaondoka. Nilimwandikia kumwomba radhi na akanijibu kwa maneno matatu mazuri ambayo nitabaki nayo mwenyewe.

Mwaka huu tunaandika mpango wa ngazi ya pili. Sehemu iliyobaki tupu ni moja. Waliozikwa kisiwani wengi hawakuwa Wanoongar. Walitoka mamia ya kilomita kaskazini, nchi nyingine, lugha nyingine, na jamaa zao bado wapo huko. Whadjuk wanasema wao wanaweza kutukaribisha kisiwani, lakini hadithi za wageni wao waliokufa si zao kuzitoa. Kwa hiyo tumeandika barua kwa jamii mbili za kaskazini kuuliza kama wangependa majina ya kwao yatajwe pale, na kama ndiyo, yatajwe na nani na vipi. Jamii nyingi za kaskazini zina mila kuhusu kutaja jina la marehemu, na hata kuuliza kwenyewe tulishauriana na shangazi miezi miwili jinsi ya kuuliza.

Jamii moja ilituandikia kwamba wako kwenye msiba na watatujibu wakitoka. Ya pili haijajibu. Juzi mfanyakazi mpya aliniuliza tusubiri hadi lini, msimu wa kiangazi unakaribia na vipeperushi vinakwenda kuchapwa. Nikamwonyesha ukurasa ule kwenye maelezo yangu, karatasi ya tatu, palepale ilipokuwa ile sentensi moja ya zamani. Nimepaacha peupe. Kesho boti ni saa moja na nusu asubuhi, wageni ishirini na sita, na nikifika pale nitanyamaza dakika zangu mbili kisha tuchukue baiskeli.